Mkono wa Sechelela

Zamu ya netiboli pale Nghambako ilianza jua likishapoa, na mgeni asiyeujua uwanja ule angedhani kuna harusi, kwa jinsi watu walivyojaa. Watoto wa kabumbu walitolewa kwa kelele na vitisho vya uongo. Mistari yao myeupe ikafifia ndani ya sakafu, na mistari ya njano ya netiboli ikachomoza pale pale. Wasusi wa nywele waliivuta mikeka yao nyuma kidogo bila hata kuinua macho, wazee wa bao wakahamia upande usio na jua, na muuza zabibu akabaki alipokuwa, maana yeye alishazoea kusogezwa na mpira. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na skrini ya ukuta mzima na hewa ya baridi, lakini ukimtafuta mtu jioni ulijisumbua bure kubisha hodi kwake. Alikuwa uwanjani, kama hachezi basi anabishana.

Nyemo Chilewa alivaa vesti yake ya kijivu akaingia. Vesti ya kijivu si ya mchezaji, ni ya mkono. Nghambako walikuwa na desturi yao hiyo: mtu akienda mbali kikazi na asitake kupoteza nafasi yake katika timu, alimwacha rafiki mmoja awe mkono wake. Yeye huko aliko alivaa suti ya kuchezea ndani ya chumba kitupu, akaruka na kukimbia, na sakafu ikamsimamisha uwanjani kwa nuru, umbo zima hadi mikunjo ya sketi. Watu waliliita umbo hilo kivuli ingawa lilikuwa linang'aa, na mtaa ukishakipa kitu jina nani atabishana nao? Ila nuru haidaki mpira. Kwa hiyo mpira ukipigwa kuelekea kwa kivuli, mwenye vesti ya kijivu aliwahi, akaudaka pale pale viganja vya nuru vilipo, kisha akaurusha kufuata mstari mwembamba uliotokea hewani kuonyesha mwenyewe anataka uende wapi.

Nyemo alikuwa mkono wa Sechelela. Zamani alikuwa senta, na senta wa kuogopwa, lakini Seche alipopata kazi kwenye mgodi wa barafu kule Mwezini alimshika bega akamwambia hakuna mwingine anayemwamini. Nyemo akavua vesti yake ya senta siku hiyo hiyo. Hakujuta hata kidogo. Walikuwa wamekua pamoja, wamesukana nywele pamoja pembeni ya uwanja ule ule, na kila jioni, kwa muda wa mechi moja, alisimama karibu na rafiki yake kiasi cha kumpumulia shingoni. Ukimwuliza angekuambia kwamba bado wanaelewana bila kutazamana. Siku hizi alikuwa anarusha hata kabla mstari haujatokea, na mstari ukija unakuta ameshapatia.

Jioni ile walishinda. Seche alifunga bao la mwisho kutoka pembeni kabisa, pembe ambayo mtu mwenye akili zake hajaribu, na mtaa ukapiga ukelele. Kipenga kilipolia, kivuli kiligeukia benchi la saruji nyuma ya goli, kikapunga mkono kama ilivyo kawaida yake, na Nyemo akapunga pamoja nacho.

Kwenye benchi alikaa Mama Seche, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, mikono bado ikipiga makofi baada ya wengine wote kunyamaza. Nyemo alikwenda kumwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umemwona mwenzio?" Macho ya mama yalikuwa yanacheka. "Tangu lini Seche anarusha kwa kushoto? Mimi niliyemzaa sijawahi kumwona akishika hata mwiko kwa kushoto. Kumbe huko aliko bado anajifunza."

Nyemo alicheka kwa adabu, akasema ndiyo, bado anajifunza. Kisha akatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa unaifungua vesti. Ulikuwa wa kushoto. Yeye ndiye wa kushoto, tangu kuzaliwa, na mwalimu alimtandika sana kwa ajili hiyo.

* * *

Kesho yake alifanya jambo ambalo mkono haruhusiwi kulifanya. Mpira ulipokuja alijichelewesha, akausogelea upande ambao Seche asingeuendea kamwe, kule kwenye kona ambako Seche aliwahi kuteguka mguu na akapachukia maisha yake yote. Kivuli kilimfuata. Viganja vya nuru vilikuja vikatua juu ya viganja vyake kwa upole kabisa. Akaamua moyoni kumrushia Merabu, nahodha, aliyekuwa amekabwa pande zote. Mkono ulipoanza tu kwenda, mstari ukatokea hewani, ukamwelekea Merabu.

Walipoteza mpira. Merabu alimtazama kama mtu aliyeona wali umeungua. Nyemo hakujali. 

Baada ya mechi alimfuata fundi Mazoya, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua sakafu wakati zamu zinabadilishana. Alimkuta amechutama kwenye mstari wa goli, mistari ya bluu ya mpira wa wavu ikianza kupanda kati ya vidole vyake. Nyemo alimwuliza bila kuzunguka: huyu anayecheza ni nani?

Mazoya hakuwa mtu wa kuficha, ila alitafuta maneno kwanza. Alimweleza kwamba chini ya sakafu kuna vinundu vidogo vinavyohisi kila unyayo, uzito wake na haraka yake, na baada ya muda sakafu humjua mtu kwa miguu kuliko mama yake anavyomjua kwa sura. Mwezi uko mbali. Seche akiruka, habari za kuruka kwake huchukua kitambo kidogo kufika, na mpira haungoji kitambo. Kwa hiyo sakafu hubashiri. Inamjua, basi inamtanguliza, halafu habari za kweli zikifika inarekebisha.

"Na zisipofika?" Nyemo aliuliza.

Mazoya alisema suti huharibika, dhoruba za jua hukata mawasiliano, na sakafu haiwezi kuacha shimo katikati ya mchezo, watu wangeumizana. Inaendelea kubashiri. Kimya kikizidi, ubashiri wake unachakaa, inahitaji kitu cha kuuegemeza, nayo humwegemea aliye karibu na huyo mtu kuliko wote.

"Yaani mimi."

"Yaani wewe, dada." Fundi alifuta vumbi magotini ingawa hakukuwa na vumbi. "Hiki kivuli hakijapokea chochote kutoka juu tangu kabla ya mavuno ya zabibu yaliyopita. Nilidhani unajua. Wewe ndiye mkono."

* * *

Kando ya uwanja kulikuwa na kibanda cha simu za mbali, kinanuka karanga kwa sababu mtunzaji wake alizikaangia mle ndani. Watu walikuwa wamekisahau. Kuzungumza na Mwezini kulichosha: ukisema neno unangoja pumzi mbili, ukidhani mwenzio amenyamaza unaongeza jingine, kumbe naye ameshaanza kujibu, mnakatizana mpaka mnakasirika. Mama Seche alijaribu mara chache akakata tamaa. Ya nini kugombana na chuma, alisema, wakati mwanangu namwona kila jioni?

Nyemo alifunga mlango akampigia.

Sauti ya Seche ilikuja nzito, ya mtu aliyezinduliwa usingizini au aliyezoea kukaa bila kuongea. Hawakusalimiana sana. Nyemo alimwuliza kwa nini aliacha kucheza, akangoja pumzi zake mbili, na zile pumzi zikawa nne.

Seche alisema aliivua suti kwa sababu miguu ilimshinda. Huko mtu ana uzito wa mtoto, misuli inayeyuka hata ukiitumikisha, na alikuwa akiruka mwenyewe anahisi anavyolegea huku uwanja wa nyumbani ukimwonyesha vilevile alivyoondoka, mwepesi, mwenye mapaja. Sakafu ilikuwa inamrekebishia. Siku moja akaona anamchezea mtu mwingine. Akaivua, akakaa pembeni, akangoja.

"Nilingoja nini, unajua?" akasema. "Nilingoja jioni ile ile mtu apige simu aulize, Seche umepatwa na nini. Nikangoja na kesho yake. Wewe, Nyemo, nilikuwa na uhakika na wewe."

Nyemo alitaka kusema kitu, lakini maneno ya mwenzake yalikuwa bado yanakuja.

"Mama alikuwa ananitumia sauti kila Jumapili. Tangu kivuli kianze kumpungia mkono, akaacha. Hapo Nghambako mama ana binti kila jioni. Huku mimi sina mama. Nitoe uwanjani, Nyemo. Mimi siwezi, mkono ndiye anayetoa. Nitoe."

Nyemo alimwuliza kwa nini hakupiga yeye mwenyewe akasema. Pumzi mbili zikapita. Seche akajibu kwamba hakuna anayependa kupiga hodi kwenye nyumba ambamo yeye mwenyewe yumo ndani, anakula na kucheka.

Baada ya hapo walilia, kila mtu na kilio chake, na kwa kuwa sauti zilichelewa, kila mmoja alisikia kilio cha mwenzake wakati chake kinaisha.

* * *

Sasa hapa ndipo pagumu, na asiyewahi kupenda kitu cha uongo asiwe mwepesi kumhukumu Nyemo. Hakumtoa. Siku hiyo hakumtoa, wala iliyofuata. Alivaa vesti ya kijivu akaingia, akadaka mpira kwenye viganja vya nuru, na alijua kabisa kwamba anajirushia mwenyewe. Hata hivyo kivuli kilipogeuza shingo, na kile kishungi cha nywele alichokuwa akikisuka kwa vidole vyake kikatikisika, moyo ulimwenda mbio kama zamani. Alimkosa Seche akiwa amesimama kando yake. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukosa namna hiyo.

Alimweleza Merabu, maana nahodha lazima ajue. Merabu alikuwa mwanamke wa kukata maneno. Alisikiliza mpaka mwisho huku anakamua soksi, kisha akasema aache mambo yalivyo. Yule mama ni mjane, jioni hizi ndizo zinazomtoa kitandani. Seche ni mtu mzima, ataelewa. Ukikitoa kile kivuli, alisema, utakuwa umemzika binti ambaye hajafa, na mwenye kulia atakuwa mama, siyo wewe. Na timu je? Na vesti ya kijivu isiyo na mtu wa kumshikia mpira, itakaa wapi?

Nyemo alikubaliana naye, kwa sababu ndicho alichotaka kusikia. Akajiambia atangoja msimu uishe.

Kilichomtoa kwenye usingizi huo ni Mama Seche mwenyewe. Alasiri moja Nyemo alifika mapema akamkuta ameshakaa kwenye benchi, wakati watoto wa kabumbu bado wanavurugana. Akamsogezea nafasi. Mama alikuwa amekonda kuliko mwezi uliopita, na Nyemo, aliyekuwa akimtazama kila jioni, ndiyo kwanza anaona.

Walizungumza habari za upepo, habari za mlenda ulioadimika sokoni. Kisha mama akamwambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo lililokwisha, kwamba ana uvimbe. Hospitali walimwambia upasuliwe kabla haujakua, na kwamba ukitolewa mapema watu wengi hupona. Nyemo alimwuliza ni lini atapasuliwa.

"Sipasuliwi," mama alisema. "Nilimwuliza Seche. Juzi, mechi ilipoisha, alipogeuka kunitazama, nikamwambia kila kitu hapa hapa nilipokaa. Nikamwambia, mwanangu, kama hutaki nipasuliwe nipungie mkono nione. Akapunga. Tena kwa nguvu, wewe si ulikuwepo?"

Nyemo alikuwepo. Alikumbuka vizuri. Juzi alikuwa na furaha ya ushindi, na alikuwa amepunga kwa nguvu.

"Basi nimetulia," mama akaendelea. "Hataki nilale na kisu nikiwa peke yangu, naye hawezi kuja. Namwelewa. Mtoto akishakataa, mzazi utafanya nini?"

Mpira wa watoto ulikuja ukagonga benchi, na Nyemo akaurudisha kwa mguu bila kuona anakoupeleka.  Alifikiria kumdanganya kidogo tu, kupunga vingine jioni hiyo, kukifanya kivuli kikubali. Lingekuwa jambo jepesi, na mama angekwenda hospitali amebeba baraka. Alilishika wazo hilo kitambo, na kusema kweli lilimtamanisha. Kisha akamwona mama akilala kwenye kitanda cha hospitali na kuzungumza na ukuta, akingoja ukuta umpungie, na kule juu mtu mwingine amekaa na simu isiyolia.

Akapiga moyo konde.

"Mama," alisema, "aliyekupungia ni mimi."

Mama alitabasamu, akadhani ni utani wa vijana. Nyemo akamweleza. Hakutumia maneno ya fundi. Alisema Seche aliacha kucheza siku nyingi, sakafu ikaendelea kumchora kwa kuutazama mwili wa Nyemo, mkono wake, miguu yake, mpaka kilichobaki cha Seche kilikuwa sura tu. Alisema yote, na ile simu pia, na kwamba alikuwa amelijua jambo hili jioni kadhaa akakaa nalo.

 Watoto walifunga bao, wakakimbia mbele yao wakipiga kelele, wakarudi. Wasusi walianza kutandika mikeka.

"Kwa hiyo makofi yangu nilikuwa nampigia nani?"

"Mimi, mama."

"Na aliyenikataza kupasuliwa?"

"Mimi. Nilikuwa nakuaga tu, mama."

Mama aligeuza uso upande. Alipoongea tena sauti ilikuwa na hasira, na Nyemo aliishukuru ile hasira kwa sababu alistahili. Mama alisema kwamba yeye si mtoto wa kuchezewa sinema. Amekaa hapa anasimulia habari za nyumba, za kuku, za marehemu baba yake Seche, amesimulia mpaka aibu zake, na yule anachezesha nywele. Alisema laiti wangemwacha na simu yake mbovu. Kisha hasira ikamwishia njiani, akauliza polepole kama inawezekana kumwona mara moja zaidi.

Nyemo alisema inawezekana. Alisimama, akavaa vesti, akaenda kwenye duara la mfungaji, na watoto wa kabumbu wakapisha kwa kunung'unika. Sakafu ilimtambua. Kivuli kilisimama kando yake, kijana, kishungi kikitikisika, uso umeelekea benchi. Mama alikitazama. Alikitazama kama mtu anavyotazama picha ya safari anayoikumbuka vizuri kuliko picha yenyewe. Baadaye akatikisa kichwa mara moja.

Nyemo aliweka nyayo zake mbili juu ya nyayo za nuru, akasema kwa sauti kwamba yeye, mkono wa Sechelela, anamtoa Sechelela uwanjani. Hakukuwa na kelele wala mwale. Alibaki amesimama peke yake ndani ya duara, analia bila kujificha, huku mtoto mmoja akimwuliza kama wanaweza kuendelea.

* * *

Kibanda cha simu kilikuwa na kiti kimoja. Nyemo alimkalisha mama, akabonyeza namba, akasimama nyuma yake. Nje Merabu alikuwa anawapanga wachezaji, na sauti yake ilisikika ikiuliza mkono yuko wapi leo.

Seche alipokea.  Mama alimgeukia Nyemo kwa macho ya kuomba msaada, akamnong'oneza kwamba hajui aanzie wapi, kila kitu alishakisema. Nyemo akamwambia aanze na lililo karibu.

"Seche," mama akasema. "Ni mama yako. Ninaumwa."

Kisha akangoja. Alizoea kutongoja, na vidole vyake vilikuwa vinausokota upindo wa kitenge, lakini safari hii hakuongeza neno. Pumzi moja ikapita, na ya pili.

"Mama, unaumwa wapi?"

Mabega ya mama yalishuka. Katika jioni zote zile za kusimulia hakuna aliyewahi kumwuliza chochote.

"Hapa," akasema, akaweka kiganja ubavuni, ingawa huko alikoulizwa hakuna aliyeweza kumwona.